Jina la Ubavuni si Cheti cha Kuzaliwa

Hapa Mwanza, ukitoka Sabasaba kuelekea Buswelu, ukishaingia Kiseke utakuta pembeni mwa lami baiskeli za mtumba zimepangwa mstari, mnyororo mmoja umepita katikati ya magurudumu yote. Nyingi ni za kikapu, zile tunazoziita za Mjapani. Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilikuta katikati yao moja ya mbio: usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, matairi membamba, rangi ya buluu, na ubavuni karatasi ya kubandika yenye neno PEUGEOT kwa herufi nyeupe.

"Hiyo ya Mfaransa, mwalimu. Orijino kabisa," kijana muuzaji akaniambia. "Laki mbili na sitini, maongezi yapo."

Ya kikapu iliyosimama kando yake ilikuwa laki moja na sabini. Siku mbili kabla nilikuwa nimeulizia mjini Phoenix mpya, ile nyeusi ya breki za vyuma, nikatajiwa laki tatu na ishirini. Nilikuwa nataka baiskeli ya kunifikisha kazini na kunirudisha kila siku, kwa hiyo nilikuwa na njia tatu mkononi, na bei zake ukizitazama hivi hivi zinajipanga vizuri tu, ya chini, ya kati na ya juu. Sikutoa hela siku ile. Nilimwomba kijana aniwekee ile ya buluu mpaka kesho yake, nikaenda kumtafuta fundi.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wa mtumba hawaliweki kwenye hesabu. Baiskeli kuukuu unailipia mara mbili. Mara ya kwanza unamlipa muuzaji, na mara ya pili unalilipa duka la vipuri, kidogo kidogo, miaka yote utakayokuwa nayo. Malipo hayo ya pili hutegemea sana baiskeli ilizaliwa wapi na lini. Ndiyo maana kuijua asili yake ni suala la mfuko, hata kama hujali kabisa historia ya viwanda vya Ulaya.

Chukua duka lolote la vipuri vya baiskeli hapa Mwanza. Kinachojaa rafuni ni cha ukoo mmoja. Baiskeli nzito ya Kiingereza, iliyokuwa ikitoka Nottingham kwa Raleigh na Birmingham kwa BSA, ndiyo iliyoenea Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na baiskeli hizo zikawa zinaingia nayo. Miaka ya 1950, hela ya pamba ilipoanza kuonekana Usukuma kupitia vyama vya ushirika, baiskeli ya Kiingereza ukutani ilikuwa dalili ya nyumba iliyovuna vizuri. Wahindi wakaliiga umbo lilelile kule Ludhiana, wakatuletea Hero na Avon. Wachina wakaliiga Shanghai, wakatuletea Phoenix. Hata Swala yetu, ya kampuni ya umma ya NABICO, ilifuata nyayo hizo hizo. Kwa hiyo tairi, kotapini, gololi na spoku zinazouzwa leo Mlango Mmoja au Buzuruga ni mabinti na wajukuu wa Nottingham. Baiskeli ikiwa ya ukoo huo, vipuri vipo mpaka kwenye vibanda vya vijijini. Ikiwa ya ukoo mwingine, utazunguka.

Fundi niliyemfuata ni mzee wa zaidi ya miaka sitini, hufanyia kazi chini ya mwembe. Nilipomwamkia shikamoo na kumweleza, hakuuliza bei. Aliuliza: "Umeitazama tumboni?" Kesho yake tukaenda pamoja, yeye na mfuko wake wa spana, mimi na kitambaa na mafuta ya taa kidogo kwenye chupa.

Kitu cha kwanza alichokifanya ni kupitisha ukucha kwenye ile karatasi ya PEUGEOT. Ukucha ulikwama kwenye ukingo wake. Akanishika kidole akakipitisha pale pale, nami nikausikia ukingo. Kisha akanionyesha, kwa kuinamisha fremu juani, mikwaruzo ya brashi iliyokuwa inapita chini ya karatasi na kutokea upande wa pili. Yaani rangi ya buluu ilipakwa kwa mkono baada ya baiskeli kutoka kiwandani, halafu jina likabandikwa juu ya rangi hiyo. Jina lililo juu ya rangi ya pili haliwezi kuwa shahidi wa kuzaliwa. Kwenye bomba la mbele linaloshika usukani kulikuwa na vitundu viwili vidogo, kimoja juu ya kingine, vimezibwa na rangi. Pale palikuwa na nembo ya chuma iliyopigiliwa kwa ribiti, na mtu aliing'oa.

Simlaumu kijana muuzaji. Karatasi hizo hubandikwa na watu wengi kabla baiskeli haijamfikia, na yeye huinunua pamoja na jina lake. Lakini mnunuzi akilipia jina, hela yake imekwenda kwenye karatasi.

Baada ya hapo tukaigeuza miguu juu. Kama una dakika tano tu za kuikagua baiskeli kuukuu, zitumie hapo chini na pembeni mwa gurudumu la nyuma, kwa sababu wapaka rangi huwa hawafiki huko.

Pedali kwanza. Pedali zina herufi ndogo zilizogongwa kwenye ncha ya ekseli. L na R ni za Kiingereza, kushoto na kulia, na Wajapani huzitumia pia. Za Kifaransa huandikwa G na D, kwa maneno yao ya kushoto na kulia. Za Kiitaliano ni S na D. Ya kwetu ilikuwa na L na R. Huo si ushahidi wa mwisho, maana pedali hubadilishwa, lakini Mfaransa wetu alikuwa ameshaanza kuyumba.

Kisha fundi akashika kikombe cha kulia cha ekseli ya pedali, upande wa mnyororo. Hapa ndipo nchi hutofautiana kwa namna ambayo rangi haiwezi kuficha. Baiskeli za Kiingereza na za Kijapani zina thredi ya kinyume upande huo: kikombe kinafunguka ukikizungusha kufuata mshale wa saa. Za Kifaransa za miaka ya 1970 na za Kiitaliano zina thredi ya kawaida pande zote mbili. Fundi akaweka spana, akaegemea, kikombe kikaachia kufuata saa. "Huyu si Mfaransa wa zamani," akasema, akaendelea kufuta grisi iliyoganda nyeusi kama lami.

Hiyo thredi inagusa mfuko moja kwa moja. Bomba la pedali la Kiingereza lina upana wa milimita 68 na thredi ya inchi 1.37 kwa meno 24 kwa inchi, na kwa kiwango hicho vikombe vipya bado vinatengenezwa duniani kote. La Kiitaliano ni milimita 70 na kipenyo kikubwa zaidi. La Kifaransa lina kipenyo cha milimita 35 kwa thredi ya milimita 1, karibu sana na la Kiingereza kwa macho, lakini ukilazimisha kikombe cha Kiingereza humo unaharibu fremu. Wafaransa wenyewe waliachana na vipimo hivyo miaka ya 1980. Kwa hiyo Peugeot halisi ya mwaka 1974, nzuri kama ilivyo, ikichakaa vikombe hapa Kiseke itakusubirisha mzigo kutoka ng'ambo. Wenye nazo wengi pia wanaijua shida ya vihamisha giya vya Simplex vya miaka ile, ambavyo baadhi ya sehemu zake zilikuwa za plastiki na hupasuka zikizeeka. Mtu anayekusanya baiskeli za kale ataivumilia. Mtu anayewahi kengele ya saa moja na nusu asubuhi asiiguse.

Kihamisha giya cha baiskeli yetu kilikuwa cha Shimano, kampuni ya Sakai, Japani. Nyuma yake, mahali panapotazama spoku, kulikuwa na tope kavu. Nikalisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka zikatokea herufi mbili ndogo zilizochongwa: G na E. Hizo ni tarehe. Shimano walianza na A kwa mwaka 1976, B ni 1977, na kuendelea. Herufi ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. G ni 1982, E ni Mei. Kipande kile kilitoka kiwandani Mei 1982. Nilikaa chini kwenye mchanga nikakitazama kwa muda, kitu kilichokuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini kikiwa bado kinabofyeka na kurudi.

Watengenezaji wengine nao waliacha alama za namna hiyo. Sturmey-Archer wa Nottingham waligonga mwaka na mwezi kwenye mwili wa hubu za giya za ndani, kwa hiyo ukiona AW na chini yake 72 na 5, hubu hiyo ni ya Mei 1972. Campagnolo wa Vicenza, Italia, waliandika PATENT na tarakimu mbili za mwaka kwenye vihamisha giya vyao vya Record vya miaka ya 1970. Ila tarehe ya kipuri ni ya kipuri. Fremu inaweza kuwa na umri mkubwa zaidi, na kipuri kikawa kimehamia kutoka baiskeli nyingine. Ukikuta vipuri vitatu vinne vya mwaka mmoja au miwili inayofuatana, hapo unaweza kuanza kuuamini mwaka huo. Kwetu, mikono ya breki na kihamisha giya cha mbele vilikubaliana na 1982.

Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa kwenye bomba la kiti, chini kabisa, karibu na mnyororo. Rangi ilikuwa imevimba kwa umbo la mstatili mdogo. Fundi akaikwangua kwa ukucha wala si kwa kisu, na chini yake ikatokea karatasi ya fedha ya duka lililoiuza ikiwa mpya: Rotterdam, na namba ya simu inayoanza na 010. Duka la Kiholanzi. Baiskeli ilikuwa imezunguka bandari kubwa kuliko zote za Ulaya kabla ya kuletwa Ziwa Victoria.

Karatasi ya duka husema ilipouzwa. Ilipotengenezwa ni habari nyingine, na kwa baiskeli za miaka ile mambo hayo mawili mara nyingi hayakuwa nchi moja. Koga-Miyata, kwa mfano, ni jina la Heerenveen, Uholanzi, lakini fremu zake zilitoka kwa Miyata wa Japani. Kwenye ya kwetu, vipande vinavyoshika ekseli ya nyuma vilikuwa na jina la Shimano lililogongwa kwenye chuma chenyewe, na hivyo huchomelewa fremu inapoundwa, havibadilishwi barabarani. Nikabaki na hakika ya mambo matatu: haikuwa Mfaransa wa vipimo vya Kifaransa, iliuzwa Rotterdam, na vipuri vyake vilikuwa vya 1982. Jina la aliyeiunda liliondoka na ile nembo ya ribiti. Kwa mtu anayetaka kupanda, matatu hayo yanatosha.

Niseme kidogo kuhusu Raleigh, kwa sababu ndilo jina linalouza kuliko yote kwetu. Wazee wanalipenda, na wauzaji wanajua. Usisome karatasi, soma giya ya mbele. Raleigh nyingi za zamani zilikatwa giya kwa umbo la kichwa cha korongo, mdomo mrefu umeelekea pembeni, mara tatu kuizunguka. Rudge ilikuwa na kiganja cha mkono. BSA ilikuwa na bunduki tatu zilizosimamishwa pamoja, maana kampuni ilianza na silaha. Humber ilijulikana kwa foku yenye mabomba mawili kila upande. Babu yangu alikuwa na ya korongo, na sisi wajukuu tulikuwa tunaihesabu midomo mitatu ikipita anapokanyaga. Lakini hata korongo anahitaji kutazamwa mara mbili: Sen-Raleigh walitengeneza Raleigh Asansol, India, na kazi ya kuunda baiskeli Nottingham ilikoma mwaka 2002. Raleigh mpya mpya iliyoandikwa Nottingham ubavuni leo haikutoka kule. Zuri la Raleigh nzito, ya Uingereza au ya India, ni kwamba kwa vitu vingi vya kuchakaa duka la hapa linakuhudumia.

Sasa tairi, ambako mimi mwenyewe nimepoteza hela, na ningependa wewe usipoteze.

Muuzaji atakwambia, "Tairi ni ya 28, zipo kila duka." Kweli zipo. Lakini neno 28 lina maana zaidi ya moja. Tairi ya 28 ya Phoenix, Hero na Raleigh nzito, inayoandikwa 28 x 1½, hukaa kwenye rimu ya milimita 635. Tairi ambayo Wajerumani na Waholanzi nao huiita 28, inayoandikwa pia 700C, hukaa kwenye rimu ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13. Niliponunua baiskeli yangu, nilienda dukani nikaomba 28, nikapewa 28, nikalipa. Ilipofika kwa fundi, tairi ilizunguka rimu kama bangili ya mama kwenye mkono wa mtoto. Dukani hawakuirudisha, kwa kuwa tulikuwa tumeshaipaka sabuni.

Na 27 ni mbaya zaidi. Baiskeli za mbio za Uingereza za miaka ya 1970 zilikuwa na inchi 27 ya milimita 630. Za kikapu za Japani zina 27 x 1⅜ ya milimita 609. Zote 27, na moja haiingii kwenye nyingine. Ile ya kikapu ya inchi 26 ina rimu ya 590, wakati tairi ya 26 inayojaa madukani ni ya baiskeli za milimani, 559. Dawa ni moja: tafuta ubavuni mwa tairi namba iliyoandikwa kwa kistari, mfano 28-622 au 40-635. Ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo cha rimu. Hiyo ya pili ndiyo uiandike kwenye simu yako kabla ya kwenda dukani. Tairi ikiwa imefutika, pima rimu.

Hili ndilo linalobadilisha hesabu ya zile njia tatu. Ya buluu ilikuwa ya 622, na 622 ndicho kipimo cha baiskeli za mbio za sasa. Mwanza mjini hupatikana kwa wauzaji wachache, na Kanda ya Ziwa ina wapanda baiskeli wa mashindano wanaozitumia, kwa hiyo hazitakwisha kesho. Ingekuwa ya 630, ningemshusha muuzaji bei kwa gharama ya rimu mbili mpya. Rimu ya 622 ni ndogo kuliko ya 630 kwa milimita 4 tu kila upande, na mara nyingi breki zinafika ukizishusha.

Kwa kuwa jina la Mfaransa lilikuwa limeanguka mbele yetu sote, tulimalizana kwa 190,000. Tairi mbili sahihi na tyubu zake zilinigharimu 70,000. Waya na raba za breki 18,000, mnyororo 15,000, gololi na grisi 6,000, na fundi 15,000. Jumla 314,000, ukiacha ile tairi niliyonunua kwa makosa. Yaani nilitumia karibu sawasawa na Phoenix mpya. Aliyedhani mtumba ni nusu bei ajue hivyo.

Je, ilikuwa sahihi kuichukua? Kwangu, ndiyo. Ni nyepesi, inapanda mwinuko bila kunishusha kitini, na thredi zake zote zinajulikana. Ningekuwa nabeba mkaa, maziwa au dagaa kutoka Igombe, ningenunua Phoenix bila kufikiri mara mbili. Keria ya nyuma inabeba gunia, spoku ikikatika inapatikana popote, na barabara za vumbi haziogopi. Ya kikapu ya Mjapani inamfaa mtu wa safari fupi za sokoni na kanisani au msikitini. Kwenye hizo, bei ya chini ni ya kweli ikiwa tairi bado nzima, na ni ya uongo zikiwa zimepasuka na kipimo ni 609. Angalia pia kibandiko kidogo cha polisi wa Japani chenye namba, ambacho kule ni lazima kwa sheria. Kikiwepo unajua ilitumika Japani, lolote litakaloandikwa ubavuni.

Jambo la mwisho lilifanyika pale pale barabarani. Chini ya bomba la pedali kulikuwa na namba ya fremu, tarakimu saba. Nilimwomba kijana aiandike kwenye risiti kwa mkono wake, pamoja na jina lake na tarehe, na jirani mwenye duka akatia saini kama shahidi. Baiskeli za wizi zinapita kwenye mistari hiyo hiyo ya mtumba, na mwenye mali akija na polisi, risiti isiyo na namba haikusaidii. Muuzaji akikataa kuiandika namba hiyo, usinunue, hata kama bei ni nusu.